Wageni wamefika saa saba, matoke hayajamenywa. Nikawagawia visu. Nimekosa?

MamaKigoda
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Wadau, niamulieni kesi ya nyumbani. Mshtakiwa ni mimi, mlalamikaji ni mama mkwe.

Jana niliita watu kumi na mmoja tule mchana hapa kwangu Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala. Si sherehe. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyefuzu. Julai imeingia, mvua imepungua, nyasi za uani zimekauka kiasi cha kutandika mkeka bila kulowa makalio, nikasema tukae chini ya mfenesi tule. Matoke, binyebwa (mchuzi wa karanga) na sato wa kukaushwa kwa moshi, dodo (mchicha), na kuku mmoja wa kienyeji kwenye luwombo, yaani amefungwa kwenye jani la mgomba, kwa heshima ya mama mkwe. Nikawaambia saa saba.

Sasa. Mdogo wangu aliyeahidi kufika alfajiri alituma ujumbe saa nne kwamba ndiyo kwanza anatoka Mukono. Makaa niliyonunua Ijumaa yalikuwa yamenyeshewa huko yalikotoka, yakatoa moshi tu, nusu saa nzima napepea sigiri kwa mfuniko wa ndoo, macho yananitoka machozi kama nimefiwa. Saa saba kamili honi ikalia getini. Na mimi niko kwenye kigoda, mkungu mzima mbele yangu, nimemenya ndizi kama ishirini hivi.

Nikaingia ndani nikatoka na visu vyote vya nyumba hii, hadi kile cha mkate, nikawagawia.

Chupa ya mafuta ikazunguka, kila mtu akajipaka viganjani utomvu usimgande. Jirani yetu mhasibu alikuja na suruali nyeupe. Nikamfunga kanga yangu ya bluu kiunoni, akakalia kreti ya soda, akaanza kumenya kama anachonga penseli: ganda linatoka nene, ndizi inabaki kama kidole cha mtoto. Mke wa rafiki ya mume wangu, ambaye miaka mitatu tumekuwa tunasalimiana "watoto hawajambo?" "hawajambo" tukaishia hapo, akamnyang'anya kisu. Akamwonyesha: kata ncha, pitisha kisu chini ya ganda kwa urefu wake, usichimbe. Kumbe ana maneno yule mama! Alituhadithia mambo ya shamba la bibi yake kule Mityana mpaka mume wangu akasahau mpira.

Tulikula saa kumi na nusu. Hakuna aliyeangalia saa, isipokuwa mmoja tu, na mnamjua.

Mwaka jana niliita watu hao hao nikakodi mpishi, hema na viti vya plastiki. Wakapanga mstari, wakapakuliwa, wakala huku wameshikilia sahani magotini, saa nane na nusu kila mtu ana dharura kwao. Nilibaki na viti hamsini na mimi na hema.

Lakini mama mkwe hajalala. Anasema nimemwaibisha mwanawe, kwamba mgeni hamenyeshwi ndizi kama kibarua. Mimi ni mtoto wa kota za reli, Nsambya. Kwetu pale Mluo, Mnyoro na Mganda walikuwa wanachota maji bomba moja na kuazimana chumvi kwa Kiswahili, na ukimkuta mtu anapika unakaa unachambua mboga. Sasa nani mwenye haki?

Shemeji_Mkorofi
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Hatia. Nikialikwa saa saba nakuja na njaa ya saa saba.

Nsenene_Masaka
Jumatatu, saa 5 asubuhi

Nnyabo (bibie), nakupenda lakini niko na mama mkwe wako.

Huku kwetu Buganda mgeni hukikuta chakula kimefungwa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, kwamba tangu asubuhi kuna mtu alikuwa anakuwaza. Matoke si wali, kwamba maji yakichemka unamimina. Chini ya sufuria unapanga vipande vya uti wa jani la mgomba ili ndizi zisiguse maji. Juu yake unaweka kifurushi cha majani, kimefungwa kwa kamba za mgomba wenyewe, halafu majani mengine tena juu, unakunja unabana pembeni mvuke usipate pa kutokea. Zikiiva unatoa kifurushi, unakikanda kwa viganja ndizi zikiwa bado ndani ya jani, moto unakuunguza, unapuliza vidole unaendelea. Kisha unakirudisha kwenye moto mdogo, kinakaa humo. Hicho kipindi cha mwisho ndicho kinachotofautisha matoke na ndizi za kuchemsha. Ukiwa umeanza kumenya saa saba na kula saa kumi na nusu, samahani, mlikula matoke ambayo hayajatulia. Yalikuwa na vidonge, kweli si kweli?

Na luwombo ndiyo usiseme. Jani lenyewe lazima liwe changa, halijachanwa na upepo, ulipitishe juu ya moto lilegee, upunguze ule uti wa katikati bila kulitoboa. Wazee husimulia kwamba luwombo ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mwaka 1887, mpishi wake alipoibuni. Chakula cha ikulu, nnyabo! Huwezi kukipika huku umezungukwa na wahasibu.

MamaKigoda
Jumatatu, saa 6 mchana

Vidonge vilikuwepo. Viwili vitatu. Nani kakwambia?

Kuku lakini alikuwa salama, nilimfunga usiku wa Jumamosi, asubuhi nikamweka juu ya sufuria la maharage. Mama mkwe akapewa furushi lake zima. Firigisi ikaenda kwa mume wangu, maana hiyo sina ubavu wa kuigusa. Na tukumbushane kwamba zamani mwanamke wa Kiganda alimpika kuku huyo, akamfunga kwenye jani la kifalme, na yeye mwenyewe hakumwonja. Basi tusiseme kila cha zamani kilikuwa heshima.

Kagera_Kwetu
Jumatatu, saa 7 mchana

Napita tu kutoka Bukoba kuuliza: kwa nini mnaponda chakula kizuri hivyo, kimewakosea nini? Sisi ndizi tunazipika zionekane, na maharage au na nyama, sufuria moja, mchuzi wake humo humo. Mgeni akichelewa zinamngoja, akiwahi anazikuta. Vidonge ndiyo chakula chenyewe.

Nsenene_Masaka
Jumatatu, saa 7 mchana

Banange! Huyu naye. Mnakula matoke yenye meno.

Kagera_Kwetu
Jumatatu, saa 8 mchana

Na jina ulilojipa ni letu pia. Senene wakiruka mwezi wa kumi na moja hawaulizi pasipoti pale mpakani Mutukula.

Nsenene_Masaka
Jumatatu, saa 9 alasiri

Hapo sina ubishi. Umenikumbusha jambo ambalo labda litanifunga mwenyewe.

Nyumbani Masaka msimu ukifika, gunia linaletwa usiku, na senene hawawezi kulala wakasubiri kesho, wanaharibika. Basi hata aliyekuja kudai deni lake anawekewa ungo mapajani. Unashika mdudu, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unatupa kwenye beseni, unachukua mwingine. Wengine hupaka mikono majivu kwanza ili wasiteleze. Saa mbili nzima vidole vinafanya kazi na midomo inafanya kazi. Posa ya dada yangu iliongelewa mara ya kwanza kwenye ungo wa senene, kabla mtu yeyote hajavaa kanzu. Halafu wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu, chumvi, na unawala wakiwa wa moto na vidole vile vile.

Kwa hiyo naona ninyi watu wa sheria mtauliza: kwa nini senene ruhusa na ndizi marufuku? Sina jibu. Lakini ndizi marufuku.

Fundi_Mkebe
Jumatatu, saa 1 usiku

Wakubwa mnaongelea mikungu na mifenesi, sisi tuna chumba kimoja Kikoni. Sherehe yangu ya kiangazi: sigiri moja kwenye kibaraza, chapati kumi na tano nimezinunua kwa yule jamaa wa kona maana zangu zinatoka kama ramani ya Karamoja, trei ya mayai, nyanya, kitunguu, kabichi. Kila mtu anakuja na kikombe chake, anavunja mayai mawili, anakatia anachotaka, anakaanga rolex yake mwenyewe, mayai ndani ya chapati iliyoviringishwa, kwa zamu. Wageni sita, kikaango kimoja. Anayesubiri zamu ndiye anayepiga hadithi.

Kuna mmoja alitia nanasi. Tulimwacha akala peke yake.

Kinywaji ni munanansi. Maganda ya nanasi mnayotupa ninyi nachemsha na tangawizi na majani kidogo ya chai, nachuja, sukari, kesho yake yamepoa. Nanasi la Kayunga likiwa limeiva vizuri, sukari ni ya kuonyesha tu.

Shemeji_Mkorofi
Jumatatu, saa 2 usiku

Huyu angalau anaheshimu muda.

Bint_Pwani
Jumatatu, saa 3 usiku

Mie wa Mombasa, nimeolewa Kibuli mwaka wa tisa huu. Dada MamaKigoda, kwa matoke nakuunga mkono. Kwa pilau sikuungi. Sufuria la pilau lina mpishi mmoja. Kitunguu mpaka kifike rangi yake unatakiwa usimame hapo hapo, macho hapo hapo, sekunde unayogeuka kumjibu mtu "marahaba" ndiyo sekunde kinaungua, na kitunguu kilichoungua hakina msamaha. Niliwahi kumwachia wifi yangu mwiko nikaingia kuswali. Rakaa nne tu. Nilirudi nikakuta ameongeza maji "kwa sababu yalionekana machache". Tulikula uji wa bizari siku hiyo, na wageni wakasema mashallah.

Kazi ya mgeni ni kachumbari. Mpe nyanya, vitunguu, ndimu, pilipili, mwache akate anavyojua. Akikosea hakuna aliyekufa. Na mwenye kulia kwa vitunguu unamjua moyo wake.

Gulu_Mjini
Jumanne, saa 2 asubuhi

Malakwang, ndugu zangu, yamalize mabishano haya. Majani yake yanachumwa moja moja kutoka kwenye kijiti, kazi ya watu watano, halafu yanachemshwa na maji ya kwanza yanamwagwa ili uchachu upungue. Halafu odii, karanga na ufuta uliosagwa pamoja, unakoroga mpaka izito. Kwa viazi vitamu. Mama yangu hajawahi kuchuma malakwang peke yake tangu nizaliwe, hata siku asipokuwa na mgeni anaita jirani. Ukimwambia ni aibu atakuuliza ni aibu ya nani.

Kuhusu makaa: huku kwetu tangu amri ya Rais ya Mei 2023, iliyopiga marufuku makaa ya biashara kaskazini, tumeacha kuyachezea. Yakilowa msiyapepee tu, mnamaliza mapafu. Yatandaze juani siku nzima kwenye bati. Na ukiwasha, anza na yaliyokauka machache katikati, mabichi uyazungushie pembeni yajikaushe kwa moto wa wenzake.

MamaKigoda
Jumanne, saa 4 asubuhi

Asante kaka, hilo la bati nalifanya leo.

Ingawa, nikuambie, yale makaa mabaya yalinifaa kwa binyebwa. Karanga mbichi zilizosagwa hazitaki moto wa hasira. Unazikoroga na maji ya baridi kwanza zisifanye madonge, unabandika, na hapo sahau mfuniko: ukifunika zinafura zinamwagika zote sigirini na unabaki na harufu. Zangu zilikaa karibu saa nzima zinachemka polepole, plop, plop, kama mzee anayevuta kiko, mpaka rangi ikageuka kutoka waridi la mtoto ikaanza kukolea na mafuta yakajitenga pembeni. Ndipo nikamtumbukiza sato. Kwa moto wa gesi sijawahi kuzipata hivyo.

Mogo_Leicester
Jumanne, saa 7 mchana

Jamani mnanitesa. Nipo Leicester, Uingereza, huku ndiyo majira ya joto yenyewe na watu wako kwenye bustani zao wanachoma soseji. Ukialikwa unaambiwa ulete chupa na unaambiwa saa ya kufika na saa ya kuondoka!

Lakini niwape kitu. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, baraza la mji huu lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Wakaja. Leo ukiingia mgahawa wa Kigujarati hapa, kwenye orodha ya vyakula unakuta "mogo". Nilidhani ni neno la Kihindi mpaka sahani ilipoletwa mbele yangu: muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu! Muhogo wetu, wamepunguza silabi tu njiani. Mzee mwenye duka nilikonunua matoke alizaliwa Jinja. Aliponisikia nasema Kiswahili kwenye simu alinipimia kilo mbili akaniongezea mkono mzima wa ndizi juu, akaniuliza kama maporomoko ya maji pale Bujagali bado yana kelele. Nilishindwa kumwambia kwamba bwawa la umeme liliyafunika.

Majani ya mgomba tunapata ya kugandishwa, kutoka maduka ya Waasia. Yanapasuka. Tunamalizia na karatasi ya alumini, na mama mkwe wa MamaKigoda asisikie.

Mnubi_wa_Bombo
Jumanne, saa 2 usiku

Kwetu Bombo swali hili halipo. Bibi yangu alikuwa anakaa na chuma chake juu ya moto, bakuli la unga uliochachuka pembeni, anamimina, anautandaza mwembamba, anabandua kisra, anatupa kwenye sinia. Wageni wamemzunguka tangu ya kwanza. Yeye ndiye burudani. Sinia likijaa linafunikwa kwa kile kifuniko cha ukindu cha rangi, na hapo kila mwanamke anaangalia kifuniko kabla ya chakula, kimesukwa na nani, kwa siku ngapi.

Ila kumpa mgeni kisu, hapana. Kuangalia ruhusa.

Shemeji_Mkorofi
Jumanne, saa 2 usiku

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata wahenga walisubiri siku ya tatu. MamaKigoda anatoa kisu getini.

MamaKigoda
Jumapili, saa 3 usiku

Mrejesho, kwa mliouliza.

Leo tena. Mara hii niliwaambia watu ukweli: "chakula saa tisa, lakini mimi nipo uani kuanzia saa tano". Nilidhani watakuja saa tisa. Saa tano na nusu walikuwa saba tayari. Mhasibu wetu alishuka kwenye boda na kisu chake mwenyewe, amekifunga kwenye gazeti, na suruali nyeusi.

Mama mkwe alifika kabla ya wote. Nikajua leo ndiyo leo. Akakaa kwenye mkeka, miguu ameikunja upande, gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ameipanga vizuri, akaangalia kila ndizi inayotoka mikononi mwa watu. Hakushika kisu. Nilipomkaribisha akasema, "Mimi ni mgeni." Lakini mdomo haukupumzika: wewe unaacha kijani, wewe hilo jani unalifunga au unaliviringisha kama sigara, nani amepanga hizo uti, zitoe. Ikafika zamu ya kukanda. Nilikuwa nimeinama na kile kifurushi, mvuke unanichoma, akanisogeza kwa kiwiko. Akavua saa. Akakanda mwenyewe, taratibu, anakigeuza, anakikanda, kama anamlaza mtoto. Akakirudisha motoni, akakaa chini, akasema huo ndio mwisho, msikiguse mpaka niseme.

Hatukugusa. Ilikuwa saa tisa, ikawa tisa na nusu, ikawa saa kumi kasoro. Tumekaa tu. Kijana wangu akazunguka na birika na beseni, watu wakanawa, mikono ikakauka, bado hajasema. Fenesi moja likaanguka nyuma ya tangi la maji, watoto wakalikimbilia. Mama mkwe akawa anasimulia jinsi alivyokuja kwa bwana akiwa hajui kufunga luwombo, akalifunga la kwanza likapasuka ndani ya sufuria mchuzi wote ukaingia kwenye matoke, na baba mkwe akayasifu mbele ya ndugu zake. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Mume wangu naye hakuwahi, na ni mama yake.

Aliposema "haya", tukafungua. Nsenene_Masaka, hakukuwa na kidonge hata kimoja.

Hukumu yake wakati anaondoka: bado nina makosa. Ila Jumapili ijayo hao watu wamenye mapema zaidi, na majani atayaleta yeye kutoka kwake, haya ya sokoni yamechanika.

Nsenene_Masaka
Jumapili, saa 3 usiku

Mama huyo nampigia magoti. Jani la sokoni kweli halifai.

Shemeji_Mkorofi
Jumapili, saa 4 usiku

Sawa. Jumapili ijayo mnakula saa ngapi? Nijibuni saa ya kweli.

MamaKigoda
Jumapili, saa 4 usiku

Njoo saa tano. Na usivae nyeupe. Ile kanga ya bluu nimeifua mara mbili, utomvu umegoma.